Sura ya Nne: Jirani wa Jirani

Watafiti wa njia za barabara wana ramani moja ambayo kwa miaka mingi wamekuwa wakipimia kazi zao: mtandao wa barabara wa Ulaya Magharibi, wenye makutano yapatayo milioni 18 na vipande vya barabara milioni 42, kila kipande kikihesabiwa kwa upande ambao magari yanaelekea. Iulize kompyuta njia fupi kabisa kutoka Lisbon hadi Copenhagen kwa kutumia algoriti ambayo Mholanzi Edsger Dijkstra aliibuni mwaka 1956 na kuichapisha mwaka 1959 katika makala ya kurasa tatu. Itakujibu baada ya sekunde kadhaa. Iulize kompyuta hiyohiyo, kwa ramani hiyohiyo, baada ya data kupangwa upya kwa namna walivyoeleza Robert Geisberger na wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2008, na jibu litatoka kabla milisekunde moja haijaisha. Mashine haikuongezewa nguvu wala barabara hazikupunguzwa. Kilichobadilika ni jinsi data ilivyolazwa kabla swali halijafika. Mpangilio huo wa data si kazi ya stoo inayofanywa baada ya kazi ya akili kwisha. Ni dau. Mjenzi anabashiri swali litakaloulizwa, analirahisisha, na papo hapo analigharimia kwa kulifanya gumu swali lingine.

Algoriti ya Dijkstra yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Kwa maneno machache, inafanya hivi: inashika orodha ya mahali palipokwisha fikiwa, inachagua palipo karibu zaidi na mwanzo, inatazama majirani wa hapo, inasahihisha umbali wao, kisha inarudia. Humo ndani mna maswali mawili yanayoulizwa mamilioni ya mara: nani yuko karibu zaidi kati ya waliofikiwa, na majirani wake ni akina nani? Ukilijibu lile la kwanza kwa kupekua orodha nzima ya makutano kila mara, milioni 18 mara milioni 18 ni ulinganisho trilioni 324. Mashine inayolinganisha mara bilioni moja kwa sekunde itahitaji karibu siku nne kwa safari moja. Sasa tumia hipu, muundo ambao J. W. J. Williams aliueleza mwaka 1964, unaomweka mdogo kuliko wote juu na kujipanga upya kila anapoondolewa: kumtoa mmoja na kuwapanga waliobaki kunahitaji ngazi zipatazo 25 tu, hata wakiwa milioni 18. Siku nne zinashuka hadi sekunde. Algoriti ni ileile, hata neno moja la maelezo yake halikuguswa.

Swali la pili, la majirani, ndilo lenye mambo mengi zaidi. Wanahisabati huita umbo lote hili grafu: nukta ziitwazo nodi, na viungo kati yake. (Si grafu ya shuleni yenye mistari miwili inayokutana kwenye sifuri, bahati mbaya jina ni moja.) Namna inayomjia haraka mtu aliyezoea majedwali ni kuchora jedwali la mraba, nodi zote pembeni na nodi zote juu, na kuandika 1 palipo na kiungo na 0 pasipo nacho. Huitwa matriksi ya ujirani. Ukitaka kujua kama A na B wameunganishwa moja kwa moja, unatazama kisanduku kimoja, umemaliza. Hakuna muundo utakaoishinda kwa swali hilo. Lakini kwa barabara za Ulaya Magharibi jedwali hilo lina visanduku trilioni 324, na hata ukikipa kila kisanduku biti moja tu, unahitaji terabaiti 40. Ndani yake mna 1 milioni 42. Vingine vyote ni sifuri. Kibaya zaidi, kuwajua majirani wa makutano mamoja, ambao kwa wastani ni wawili au watatu, kunakulazimu upitie safu yenye visanduku milioni 18. Dau liliwekwa kwenye swali ambalo msafiri hamuulizi mtu.

Njia ya pili ni ya kijamii zaidi. Anayemtafuta mtu mtaani anaweza kwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kupekua daftari la wakazi wote, au anaweza kubisha hodi nyumba ya kwanza na kuuliza jirani, naye akamwelekeza kwa jirani yake. Orodha ya ujirani hufanya hili la pili: kila nodi inatunza majina ya majirani zake yenyewe, basi. Kuiona ikifanya kazi, chukua makutano matano ya Dar es Salaam na uyape namba: Ubungo 0, Mwenge 1, Magomeni 2, Morocco 3, Fire 4. Barabara ya Sam Nujoma inaunganisha Ubungo na Mwenge. Morogoro inatoka Ubungo hadi Magomeni na kuendelea kupitia Jangwani hadi Fire. Mwenge na Morocco ziko kwenye barabara moja ya kwenda mjini. Kawawa inaunganisha Morocco na Magomeni. Andika majirani wa kila mahali kwa kufuatana, bila kuacha nafasi: 1, 2, kisha 0, 3, kisha 0, 3, 4, kisha 1, 2, na mwisho 2. Hizo ni namba kumi. Pembeni weka orodha fupi ya mahali ambapo kila mmoja anaanzia: 0, 2, 4, 7, 9, na 10 ya kufungia. Ukitaka majirani wa Magomeni, ambayo ni namba 2, unasoma kwamba sehemu yake inaanza nafasi ya 4 na kuishia kabla ya 7. Unakwenda nafasi ya 4, 5 na 6 na kukuta 0, 3 na 4, yaani Ubungo, Morocco na Fire. Hakuna kupekua. Ulaya Magharibi yote, ikiandikwa hivi pamoja na urefu wa kila kipande, inaingia katika megabaiti zipatazo 400, ambazo simu ya kawaida inazibeba. Kutoka terabaiti 40 hadi megabaiti 400 ni upungufu wa mara 100,000, na hakuna taarifa hata moja ya barabara iliyopotea.

Kilichopotea ni wepesi wa kujibu mengine. Mpangilio huu unajua barabara zinazotoka Magomeni, haujui zinazoingia. Mahali penye barabara za upande mmoja, swali la zinazoingia linadai orodha ya pili iliyogeuzwa, na gharama ya kumbukumbu mara mbili. Na ukitaka kuongeza barabara mpya kutoka Mwenge, kila kilichoandikwa baada ya Mwenge lazima kisogezwe. Muundo unasoma kwa kasi na kuandika kwa shida. Kwa barabara za lami dau hilo ni zuri, kwa kuwa barabara hujengwa kwa miaka na kuulizwa kila sekunde.

Kabla ya hayo yote kuna uamuzi ambao vitabu vya kufundishia huupitia mbio: nodi ni nini hasa? OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, haihifadhi grafu. Inahifadhi nukta zenye latitudo na longitudo, na barabara kama mfululizo wa nukta hizo. Vijana waliozunguka Kibera mwaka 2009 katika mradi wa Map Kibera, na wanafunzi na wakazi waliochora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika katika mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, walikuwa wakichora mistari ya aina hiyo. Programu ya kutafuta njia ndiyo inayoigeuza mistari kuwa grafu, na kanuni yake ni kali: barabara mbili zinakutana pale tu zinapotumia nukta moja. Zikipishana kwenye skrini bila kushiriki nukta, kwa mashine hakuna makutano. Ndivyo inavyopaswa kuwa pale Ubungo, ambako tangu 2021 magari yanapita kwenye barabara za juu na za chini. Mchoraji akiunganisha nukta kimakosa, programu itamwambia dereva akunje kona hewani. Kuna na tatizo la kona zilizokatazwa. Kama Ubungo ni nodi moja, grafu haiwezi kusema kwamba anayetoka upande huu haruhusiwi kukunja kulia lakini anayetoka upande ule anaruhusiwa. Programu makini, kama OSRM, hugeuza mambo: kipande cha barabara ndicho kinachokuwa nodi, na kila kona inayoruhusiwa ndiyo kiungo. Grafu inavimba, lakini sasa swali la kona linajibika. Mtu aliyefikiri data ni picha tu ya dunia ilivyo atashangaa kwamba barabara zilezile zina grafu mbili tofauti, zote sahihi.

Mabishano juu ya dau hili yana umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Bachman, akiwa General Electric, alijenga mfumo wa IDS ambamo rekodi moja ilishika anwani ya rekodi inayofuata. Mteja alielekeza kwenye oda zake, oda ikaelekeza kwenye bidhaa. Alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, alimweleza mwandishi wa programu kama nahodha anayesafiri ndani ya data. Edgar Codd wa IBM alikuwa ameshaipinga fikra hiyo katika makala yake ya 1970. Kwake, mtumiaji hapaswi kujua data imelazwaje. Aseme anachotaka, mashine itafute njia. Badala ya anwani, majedwali. Badala ya kufuata kamba kutoka rekodi hadi rekodi, kulinganisha thamani kati ya jedwali na jedwali. Codd alishinda, na alistahili. Kampuni iliyotaka swali jipya kwenye mfumo wa Bachman ililazimika kumwita mwandishi wa programu aandike safari mpya, na safari hiyo ilivunjika siku kamba zilipobadilishwa. Ila ushindi huo nao ulikuwa na ankara: kila hatua ya kutoka kwa jirani hadi jirani ikawa utafutaji mpya ndani ya faharasa ya jedwali.

Kwa benki inayouliza salio la mteja, ankara hiyo ni ndogo mno. Inakuwa kubwa pale idadi ya hatua isipojulikana. Nyaraka za kampuni ya sheria ya Mossack Fonseca ya Panama, zilizovuja na kuripotiwa kuanzia Aprili 2016, zilikuwa milioni 11.5, terabaiti 2.6, zikigusa kampuni za kificho zaidi ya 214,000. Swali la wanahabari zaidi ya 350 waliozipekua halikuwa kampuni fulani ina anwani gani. Lilikuwa: je, mwanasiasa huyu anafikia kampuni ile kwa njia yoyote, kupitia mke, wakala, kampuni mama, au sanduku la posta linalotumiwa na watu mia? Kufichwa kwenyewe kumetengenezwa kwa kuongeza hatua. Katika jedwali unaandika muungano mmoja kwa hatua moja, miwili kwa mbili, na aliyeweka hatua ya saba amekukwepa ukiishia ya sita. Kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuulizia majedwali, kilipata namna ya kurudia hatua bila kikomo mwaka 1999 tu, na hata hapo maandishi yake si ya mtu anayeanza. Muungano wa wanahabari wa uchunguzi, ICIJ, uliwahamisha watu, kampuni na anwani hadi Neo4j, hifadhidata ya grafu yenye asili ya Sweden, ambamo rekodi ya nodi inashika anwani za viungo vyake. Mwanahabari asiyejua programu alibofya jina na kuona majirani, akabofya jirani na kuona majirani wa jirani. Kamba za Bachman zilikuwa zimerudi, safari hii zikiwa na lugha ya kuuliza ambayo Codd asingeiona ngeni sana.

Hapa mpinzani ana silaha nzito. Mtandao mkubwa wa watu kuliko yote, Facebook, haukuwekwa kwenye hifadhidata ya grafu ya aina hiyo. Mfumo wake uitwao TAO, ambao wahandisi wake waliueleza hadharani mwaka 2013, unahifadhi watu na mahusiano yao katika MySQL, majedwali ya kawaida kabisa, huku mbele yake pakiwa na safu za seva zinazoshika majibu kwenye kumbukumbu. Basi grafu za nini? Lakini tazama TAO inaulizwa nini. Inaulizwa orodha ya viungo vya nodi moja, vipya vikitangulia: waliotoa maoni kwenye picha hii, marafiki wa mtu huyu. Haiulizwi njia ya hatua sita. Na kati ya maombi 1,000 yapata mawili tu ni ya kuandika. Yaliyobaki yote ni kusoma. Wajenzi walilijua swali lao kwa undani, wakalilazia data ipasavyo, hata mpangilio wa saa ukaingizwa ndani ya muundo. Mfano huo haupingi hoja yangu. Unachopinga ni madai ya wauzaji kwamba penye mahusiano pana lazima ya bidhaa yao.

Madai mengine ya wauzaji nayo yapimwe. Huambiwa kwamba kufuata anwani moja kwa moja kunafanya maswali marefu yawe mepesi kwa kuwa hakuna faharasa ya kupekua. Kuna ukweli, ila mdogo kuliko unavyotangazwa. Faharasa ya jedwali lenye mamilioni ya rekodi huwa na ngazi tatu au nne, si mamia. Kinachoua swali refu mara nyingi ni msambao: kila mtu akiwa na majirani 100, hatua tatu ni njia milioni moja, hatua tano ni bilioni kumi, na hakuna anwani itakayokuokoa na bilioni kumi. Tiba ya msambao ni kutafuta kutoka ncha zote mbili na kukutana katikati, au kujua mapema njia zipi hazina haja ya kujaribiwa. Wapo pia wanaosema tusubiri, kompyuta zitakuwa na kasi. Kasi imekuja, lakini imekuja kwa upande mmoja. Kichakataji hupata namba iliyo katika kumbukumbu yake ya ndani kwa takriban nanosekunde moja, na iliyo kwenye kumbukumbu kuu kwa karibu nanosekunde 100. Pengo hilo limepanuka kadiri vichakataji vilivyoharakishwa. Kurukaruka kutoka anwani hadi anwani ni kazi inayokifanya kichakataji kikae bure kikisubiri. Ndiyo maana ile orodha yetu ya namba kumi zilizobanana, isiyo na kamba yoyote, huishinda grafu ya anwani zilizotapakaa kwa usomaji mtupu.

Turudi Karlsruhe. Mtu angeweza kufikiria kuhifadhi majibu yote ya Ulaya Magharibi mapema, kila makutano kwa kila makutano. Kwa baiti nne kila jibu, hiyo ni petabaiti 1.3. Geisberger na wenzake walinunua sehemu tu ya majibu, ile yenye faida. Makutano hupangwa kwa umuhimu, kisha huondolewa moja moja kuanzia ya chini kabisa; kila yanapoondolewa makutano ambayo njia fupi ilipitia, kinachorwa kiungo cha mkato kati ya majirani ili umbali usipotee. Swali likifika, utafutaji huanzia ncha zote mbili na kupanda tu kuelekea makutano muhimu zaidi. Unagusa nodi mamia, si mamilioni. Maandalizi yenyewe ni kazi ya dakika, si ya miaka. Siri iko kwenye umbo la barabara: za mtaa huingia za wilaya, za wilaya huingia barabara kuu, na safari ndefu zote hubanwa kwenye barabara kuu chache. Mtandao wa marafiki hauna mbano huo. Mwaka 2011 watafiti waliopima Facebook nzima, watu milioni 721, walikuta watu wawili wowote wametenganishwa kwa wastani na hatua 4.74. Jaribu kuwaondoa watu kama ulivyoondoa makutano, na mikato itafumuka pande zote hadi grafu ijae. Muundo uleule, uliong'ara kwenye lami, unazama kwa watu.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: maandalizi yanazeeka. Mto Msimbazi ukifurika na Jangwani kufungwa, kiungo cha Magomeni na Fire kimekufa, na kila mkato uliochorwa juu yake ni uongo. Kwa muundo wa 2008 ungelazimika kuandaa upya, na kwa jiji ambalo foleni hubadilika kila robo saa, hilo si jibu. Mwaka 2011 Daniel Delling, Andrew Goldberg, Thomas Pajor na Renato Werneck, wakiwa Microsoft, walitenganisha vitu viwili ambavyo wenzao walikuwa wameviunga: jinsi barabara zinavyoshikana, jambo ambalo hubadilika kwa nadra, na muda wa kuzipita, ambao hubadilika daima. Cha kwanza huandaliwa taratibu mara moja. Cha pili huingizwa juu yake kwa muda mfupi sana, sekunde badala ya dakika. Mafuriko hayafuti kiungo. Yanakipa muda usio na mwisho, na namba kumi zetu hazisogei hata moja. Kasi ya jibu inapungua ukilinganisha na muundo wa 2008, na huo ni ununuzi wa haki: umetoa kasi, umepata uhai.

Aprili 2024 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilichapisha GQL, lugha rasmi ya kuuliza grafu. Mwaka mmoja nyuma SQL yenyewe ilikuwa imeongezewa sehemu ya kuulizia grafu juu ya majedwali. Ni habari njema kwa yeyote aliyechoka kujifunza lugha mpya kwa kila bidhaa. Lakini lugha inasema jinsi ya kuuliza. Haisemi data imelazwaje, na maswali mawili yanayofanana kwa maandishi yanaweza kuachana, moja likajibiwa kwa milisekunde na jingine kwa saa. Kwa hiyo wewe unayekabidhiwa kujenga mfumo wa mabasi, wa mikopo au wa wagonjwa, usianze na jina la hifadhidata. Andika kwanza maswali utakayoulizwa kila siku, hatua ngapi kila moja linakwenda, na data inabadilika mara ngapi kwa saa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha bidhaa yake inayalazaje hayo, mwambie arudi na fundi wake.